Godoro la Mtoto Haliogeshwi Dawa ya Mbuzi

Mama uliye jikoni, nyanya unayelea wajukuu, dada uliyeachiwa mtoto mwenyewe akienda sokoni, karibuni tukae pamoja kwa dakika chache. Leo tutazungumza juu ya godoro la mtoto.

Najua wengine mmeshacheka. Godoro nalo ni habari ya afya? Ngoja nikuulize. Mtoto wa miezi sita hulala saa ngapi kwa siku? Ukijumlisha usiku na usingizi wa mchana, ni kati ya saa 12 na 16. Hiyo ni nusu ya maisha yake au zaidi, pua yake ikiwa karibu kabisa na kitambaa, ngozi yake ikigusa, mate yakidondoka hapo hapo. Hakuna kitu kingine nyumbani anachokaribiana nacho kiasi hicho isipokuwa mama yake. Kwa hiyo chochote unachomwagia godoro, jua kwamba umempaka mtoto.

Nianze na jambo lililonifanya niandae kipindi hiki. Miaka michache iliyopita nilikuwa zamu ya asubuhi, siku ya kliniki ya watoto, foleni ya kupima uzito imefika mlangoni. Mama mmoja akaja mbio akipita watu wote, amembeba mtoto wa mwaka na nusu. Mtoto alikuwa ametota jasho, mate yanamtoka mfululizo, kifua kinatoa mlio, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Mama alidhani ni nimonia. Wenzangu wengine pia walidhani hivyo. Lakini nilipomwinamia mtoto nikasikia harufu ninayoifahamu tangu utotoni, harufu ya siku ya kuogesha mbuzi.

Nikamuuliza, "Mama, jana mlitumia dawa gani nyumbani?" Akainamisha kichwa. Kunguni walikuwa wamewashinda. Jirani akamwambia dawa ya josho, ile ya kuua kupe, inamaliza kunguni mara moja. Akapimiwa kidogo kwenye chupa ya soda, akamwagia godoro lote, akalianika mpaka jioni, likakauka, akatandika shuka safi na kumlaza mtoto. Usiku mtoto akakojoa, kama watoto wanavyokojoa. Mkojo ukalowesha sponji, dawa ikapanda juu, na mtoto akalala humo mpaka alfajiri.

Tukamvua nguo, tukamwosha mwili mzima kwa sabuni, akapelekwa hospitali kubwa na kutibiwa. Alikaa wodini karibu wiki moja. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini jambo lililotuchelewesha ni kwamba hakuna aliyejua jina la ile dawa. Chupa ilikuwa ya soda, haina karatasi ya maelezo. Na huyo mama hakuwa mzembe hata kidogo. Alikuwa anajaribu kumsafishia mtoto wake mahali pa kulala.

Sasa tuelewane kuhusu dawa hizi. Mbuzi ana manyoya, anaogeshwa akiwa nje penye upepo, kisha anakwenda zake. Hata yeye, ukimwekea dawa kali kuliko kipimo, anaanguka. Mtoto analala juu ya dawa usiku kucha ndani ya chumba kilichofungwa. Ngozi yake ni laini, anapumua haraka kuliko mtu mzima, na mwili wake ni mdogo, kwa hiyo sumu kidogo kwake ni nyingi. Tena sponji kazi yake ni kunyonya. Ikishanyonya dawa hiyo, huwezi kuikamua yote itoke. Utaosha juu, ndani imebaki, na kila jasho au mkojo utairudisha juu tena.

Dawa za mifugo si aina moja. Nyingine humfanya mtu atokwe na mate, jasho na machozi, atapike, aharishe, na kifua kibane. Nyingine humfanya mtoto asinzie kupita kiasi, mwili uwe baridi na moyo upige polepole. Ukiona dalili hizo baada ya dawa yoyote kutumika nyumbani, usisubiri. Mtoe mtoto mahali hapo, mvue nguo zote, mwoshe kwa sabuni na maji mengi pamoja na nywele. Wewe mwenyewe jikinge mikono, usije ukawa mgonjwa wa pili. Usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta ukidhani yatakata sumu. Kimbia naye kituo cha afya kilicho karibu, na uibebe chupa ya dawa pamoja na karatasi yake. Chupa hiyo itatuonyesha tutibu nini.

Mafuta ya taa nayo ni vivyo hivyo. Wapo wanaopaka mafuta ya taa kwenye mishono ya godoro. Yatamchoma mtoto ngozi, mvuke utamwingia kifuani, na usiku huo huo mtu atapita na koroboi au mshumaa. Godoro la sponji hata bila mafuta ya taa hushika moto haraka sana, na moshi wake una sumu inayoweza kumlewesha mtu asiamke. Kwa hiyo koroboi, jiko la makaa na ile dawa ya mbu ya kuchoma, vyote vikae mbali na godoro, mahali ambapo shuka ikianguka haiwezi kufika.

Mtaniuliza, "Sista, basi tufanye nini na kunguni?" Swali zuri, na sitaki kuwadanganya. Kunguni hawaondoki kwa siku moja. Anayekuuzia dawa na kukuambia watakwisha leo usiku, anataka pesa zako. Kunguni wengi siku hizi wamezoea hata dawa za kupuliza za dukani, unapuliza na kesho wapo.

Kwanza wajue wanakokaa. Mchana hawatembei. Wamejibana kwenye mishono ya godoro, kwenye pembe, kwenye nyufa za kitanda cha mbao, nyuma ya picha ukutani, ndani ya kamba za kitanda. Chukua tochi usiku wa manane, funua shuka ghafla, utawaona. Mchana utaona alama zao, vitone vyeusi kama wino kwenye mshono. Hayo ni mavi yao.

Watu wengi hutoa godoro nje, wakalipiga jua, wakalirudisha juu ya kitanda kile kile. Kunguni waliomo kitandani wanalipokea godoro kama mgeni. Na wale waliomo godoroni, jua likianza kuwaka upande wa juu, wanahamia chini kwenye kivuli. Kwa hiyo siku ya kazi iwe moja kwa vyote. Toa godoro, toa kitanda, toa nguo zote za kulalia. Chemsha maji yachemke kweli, umwagie nyufa na viungo vya kitanda polepole, ukiwa umewaweka watoto mbali kwa sababu ya kuungua. Maji yanayochemka huua kunguni na mayai yake. Shuka, blanketi, leso na nguo za kulalia zifuliwe kwa maji ya moto, zianikwe juani mpaka zikauke kabisa. Godoro lichambue mshono kwa mshono kwa brashi ya kufulia, ukikung'utia kwenye karai lenye maji ya sabuni ili wasitoroke. Lianike, ligeuze kila baada ya saa moja wasipate kivuli cha kudumu. Ziba nyufa za ukuta kwa udongo au saruji.

Halafu, na hapa ndipo wengi wetu huchoka, rudia baada ya wiki moja. Rudia tena wiki inayofuata, mpaka zipite wiki nne. Sababu ni mayai. Yai la kunguni huanguliwa kwa muda wa wiki moja hadi mbili, kwa hiyo ukisafisha mara moja tu umewaua wazazi ukawaachia watoto nyumba. Kama una uwezo, shonea godoro foronya kubwa linaloingia lote, lenye zipu au lililoshonwa pande zote bila tundu. Walio ndani hawatoki, walio nje hawapati pa kujificha. Lakini wanaweza kukaa miezi mingi bila kula, kwa hiyo usiwe na haraka ya kulifungua.

Kunguni hawajajulikana kuambukiza watu ugonjwa. Wanaudhi, wanawasha, wanamnyima mtoto usingizi, na mtoto akijikuna sana ngozi huchubuka na kuingia usaha. Wakiwa wengi mno wanaweza hata kumpunguzia mtoto damu. Hayo ni mabaya. Lakini kati ya kunguni na dawa ya josho, ni heri kunguni.

Tukitoka kwa kunguni, tuje kwa upele, maana watu huchanganya. Upele ule wa kuwasha usiku, kati ya vidole, kwenye viwiko, tumboni, na kwa watoto wachanga hata viganjani na nyayoni, huletwa na mdudu mdogo sana anayechimba ngozini. Hapa nina jambo la kuungama. Nilipoanza kazi, nikiwa bado na diploma mpya mkononi, nilimwambia mama mmoja kwamba upele wa watoto wake hautaisha mpaka achome godoro. Akalichoma. Lilikuwa godoro lao la pekee. Watoto watatu wakahamia kwenye mkeka juu ya sakafu ya udongo, na mwezi uliofuata wakarudi kliniki na upele ule ule.

Nilikosea. Mdudu wa upele anaishi ndani ya ngozi ya mtu. Akitoka mwilini hudumu siku mbili au tatu tu, kisha hufa kwa kukosa chakula. Kilichohitajika ni dawa ya kupaka, ile nyeupe kama maziwa tunayowapa kliniki, ipakwe na watu wote wa nyumba siku moja, wanaojikuna na wasiojikuna. Kwa mtoto mdogo huchanganywa na maji, na nesi atakuonyesha kipimo. Siku hiyo hiyo fua nguo na matandiko kwa maji ya moto, na godoro lianikwe, kisha liachwe bila kulaliwa kwa siku tatu kama mna pengine pa kulala. Kama hamna, lifunike kwa shuka safi nzito na muibadilishe kila siku. Godoro usichome. Hilo nalisema kwa mama yule pia, kama ananisikiliza.

Sasa mkojo. Ukipita mitaa ya Bula Pesa au Kambi Garba asubuhi, utaona magodoro yameegemezwa kwenye ua na mengine juu ya mabati. Kila mtu anajua ni ya nini. Mtoto naye anajua kwamba kila mtu anajua, na akiwa ameshaanza shule, ni aibu inayomfuata mpaka darasani. Naomba tusimpige. Katika watoto 100 wenye umri wa miaka mitano, kama 15 hivi bado hukojoa kitandani, na wengi wao huacha wenyewe kadiri wanavyokua. Hafanyi kusudi, amelala. Fimbo inamzidishia hofu tu. Mpe maji ya kutosha mchana ili jioni asiwe na kiu kali, mkumbushe kwenda haja kabla ya kulala, na umtie moyo. Ila kama alikuwa ameacha kisha ameanza tena, au anakojoa kwa maumivu, ana homa, au anakunywa maji kupita kiasi na kukonda, mlete kliniki tumpime mkojo na sukari.

Kuna kosa tunalolifanya karibu sote. Asubuhi tunakuta godoro limelowa, tunalibeba hivyo hivyo hadi juani. Jua la Isiolo ni kali, adhuhuri limekauka, tunafurahi. Jioni mtoto anapolala, joto la mwili wake linaamsha harufu tena. Kwa nini? Kwa sababu jua limeondoa maji peke yake. Chumvi na uchafu wa mkojo vimebaki ndani ya sponji, vikipata unyevu kidogo vijidudu vinaendelea na kazi yao, na ile harufu kali inayochoma pua inarudi. Siku baada ya siku vinajazana mpaka godoro halitibiki.

Najua maji ni shida. Kuna mitaa mnanunua mtungi wa lita 20, na kuna wanaotembea mbali kuyatafuta. Sitakuambia uloweshe godoro zima, na hata kama ungekuwa na bomba nyumbani nisingekuambia hivyo, kwa sababu sponji iliyolowa yote inachukua siku nyingi kukauka. Unahitaji lita mbili au tatu tu. Mara tu unapogundua, chukua kitambaa kikavu, kikunje, ukibonyeze kwa nguvu mahali palipolowa, hata ukisimame kwa mguu ulio safi, mpaka kinyonye mkojo. Bonyeza, usisugue, maana kusugua kunausukuma ndani. Kisha lowesha kitambaa kingine kwa maji yenye sabuni kidogo tu, ukibonyeze hapo hapo. Sabuni ikiwa nyingi inabaki na kuvuta vumbi. Kisha rudia kwa maji matupu mara mbili, ukimalizia na kitambaa kikavu. Sasa lipeleke juani. Maji yaliyobaki usiyamwage, yanafaa kupigia deki.

Jambo moja la hatari hapa. Kuna wanaomwaga Jik moja kwa moja juu ya mkojo ili kuua harufu. Usifanye hivyo. Jik ikikutana na mkojo hutoa hewa yenye sumu inayobana kifua. Kuichanganya na siki au limau ni vibaya pia. Jik ina mahali pake. Mtoto akiharisha au kutapika juu ya godoro, ondoa uchafu kwanza, osha kwa maji na sabuni, ukishasuuza ndipo upanguse kwa kipimo kimoja cha Jik na vipimo sita vya maji. Acha dakika kumi, suuza, anika. Kitambaa chenye rangi kitapauka, lakini kwa ugonjwa wa kuharisha sijali rangi. Na wewe nawa mikono kwa sabuni.

Njia iliyo bora zaidi ni mkojo usifike kwenye sponji kabisa. Hospitalini tunatumia makintoshi, lile shuka la mpira linalowekwa chini ya mgonjwa. Nyumbani unaweza kutumia plastiki nzito ya kufunikia meza, inauzwa kwa mita sokoni. Nunua kipande kinachozidi upana wa godoro, ukivute kibane, ukikunje chini ya godoro pande zote mbili na kukishikiza kwa mpira au kamba. Juu yake tandika leso iliyokunjwa au shuka ya pamba, kwa sababu plastiki tupu inamtoa mtoto jasho na vipele vya joto. Asubuhi unapangusa plastiki, unafua leso, kazi imekwisha.

Lakini sikiliza vizuri. Plastiki iwe nzito na ibane. Zile karatasi nyepesi za nailoni, pamoja na ile godoro linalokuja nalo kutoka dukani, hazifai. Mtoto akiivuta ikamfunika pua na mdomo, inagandamana na uso na hawezi kuitoa. Najua godoro jipya tunapenda kuliacha na nailoni yake lionekane jipya mwaka mzima. Kwa godoro la mtoto iondoe siku ile ile, uikunje mahali asipofika.

Hapo hapo niseme juu ya ugumu wa godoro kwa mtoto mchanga. Wengi tunaamini mtoto apate kilaini kabisa, kama pamba. Hapana. Bonyeza godoro kwa kiganja kisha uachilie. Likirudi mara moja, ni zuri. Likibaki na shimo la mkono wako, uso wa mtoto nao utazama humo akigeuka. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja alazwe chali, bila mto, bila blanketi la kukunja kichwani, bila vinyago vya kujaza nafasi. Uingereza walianza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1991, Marekani wakafuata mwaka 1994, na vifo vya watoto wachanga usingizini vikapungua sana katika nchi zote mbili. Bibi zetu huogopa kwamba mtoto wa chali atapaliwa na matapishi. Mtoto mwenye afya hugeuza kichwa na kumeza au kutema mwenyewe.

Kuna magodoro ya bei nafuu yaliyojazwa vipande vya sponji vilivyogandishwa au matambara. Hayo hujikusanya upande mmoja na kuacha bonde katikati. Kwa mtoto mkubwa ukibana pesa, sawa. Kwa mchanga, ni heri sponji nyembamba ya inchi 4 iliyo ngumu kuliko nene iliyolegea. Godoro la mkono wa pili likague mishono yote kabla hujatoa pesa, tena ulikague nje ya nyumba yako.

Sasa jua lenyewe. Mara moja kwa wiki, hata kama halijakojolewa, lianike saa mbili au tatu, ulisimamishe kwa ubavu ili hewa ipite pande zote. Lipige kwa fimbo kutoa vumbi, ukiwa umesimama upande upepo unakotoka, na mtoto mwenye pumu awe mbali. Katika miezi ya upepo hapa kwetu vumbi linaingia kila mahali, kwa hiyo mchana tandika shuka ya kufunika. Ila usiliache juani kutwa nzima kila siku, wala usilivue kitambaa chake. Jua huichoma sponji, inageuka njano kisha inaanza kumeguka kama mkate mkavu. Mtoto wa mwaka mmoja hula vipande hivyo na vinaweza kumkwama kooni. Na mbuzi, angalia mbuzi. Nimeona godoro jipya likiliwa pembe moja mwenye nyumba akinywa chai.

Unapolirudisha, ligeuze. Upande wa kichwa uende miguuni, mara moja kwa mwezi, na wa chini uwe juu kama godoro linaruhusu. Lisikae juu ya sakafu tupu. Unyevu wa pumzi na jasho hushuka chini, ukakutana na sakafu na kukosa pa kutokea, na siku utakapolinyanyua utakuta madoa meusi ya ukungu. Kama huna kitanda, tafuta mbao mbili tatu za kuliinua, au angalau mkeka, na kila asubuhi ulisimamishe ukutani. Hilo pia linakusaidia kuona kama nge amelala chini yake. Kabla ya kumlaza mtoto, kung'uta shuka.

Kuna wenzetu ambao godoro halikukojolewa, lilichukuliwa na maji. Mvua za El Niño za mwishoni mwa mwaka 2023 zilipofurika, familia nyingi za kaunti yetu, hasa kule Garba Tulla na Merti, zilibaki na magodoro yaliyolowa matope. Nimeulizwa mara nyingi, je, linaweza kutumika tena? Inategemea ni maji gani. Kama ni mvua iliyovuja kutoka paani, livue kitambaa, likanyage maji yatoke, ulisimamishe penye upepo na jua. Linapaswa kukauka ndani ya siku moja au mbili. Likikaa na unyevu zaidi ya hapo, ukungu huanza ndani usikoweza kuuona, na mtoto mwenye kifua hatapumzika. Kama ni mafuriko yaliyopitia kwenye vyoo, godoro hilo asilalie mtoto mdogo tena, hata likikauka na kuonekana safi. Najua ninachosema ni kigumu. Godoro ni bei ya mbuzi. Mtoto mdogo apate mkeka safi wenye blanketi lililokunjwa na kubanwa vizuri chini yake mpaka mpate jingine. Na kama mnapokea msaada baada ya mafuriko, msione haya kutaja godoro.

Kabla sijaaga, kuna swali lililoletwa na mama mmoja kupitia mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wao. Anauliza, "Nikianika godoro, nianike na chandarua pamoja?" Hapana, mama. Chandarua chenye dawa hukaushwa kivulini, kwa sababu jua kali hupunguza nguvu ya ile dawa. Godoro juani, chandarua kivulini. Tena chandarua kifuliwe kwa sabuni ya kawaida ya kipande na maji yasiyo ya moto, bila Jik.

Wiki ijayo, saa hizi hizi, tutaendelea na hicho hicho chandarua: namna ya kukifunga ndani ya nyumba ya duara, na namna ya kukishona kikitoboka. Mwenye swali ampe mhudumu wa afya wa mtaa wake, au aniletee kliniki siku ya Jumanne. Mchana mwema.